Mkrismasi bustanini: kuukuza mti unaochanua wakati wa kiu

Mkrismasi huvaa maua mekundu ardhi ikiwa bado imekauka, mara nyingi ukiwa hauna jani hata moja. Kwao ni Madagaska, kwenye misitu mikavu ya magharibi na kaskazini ya kisiwa hicho, ambako mvua hukatika kwa miezi mingi kila mwaka. Wataalamu wa mimea huuita Delonix regia na kuuweka katika jamii ya mikunde. Kusini mwa ikweta maua hupamba moto Novemba na Desemba, na ndiko lilikotoka jina lake la Kiswahili. Kaskazini zaidi msimu wake huwa Mei hadi Julai. Usiuchanganye na mvinje au msonobari unaopambwa sebuleni wakati wa Krismasi, ambao nao watu wengine huuita kwa jina hilohilo.

Wapo wanaosikia kwamba mti huu hauogopi ukame, wakaupanda na kuuacha, ukafa kabla ya kutimiza mwaka. Wapo pia wanaoumwagilia kidogo kila jioni, ukanenepa na kupendeza, kisha wakisafiri mwezi mmoja wanaukuta umenyauka. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja. Uwezo wa kuvumilia kiu hauji na mbegu ukiwa umekamilika. Hujengwa na mizizi inayoshuka chini katika miaka 2 ya mwanzo, na karibu kila hatua iliyoelezwa hapa ni namna ya kuipa mizizi hiyo njia ya kushuka na sababu ya kushuka.

Kwanza amua mahali, hata kabla ya kutafuta mbegu

Mkrismasi uliokomaa huwa na urefu wa mita 8 hadi 12, lakini upana wake ndio unaowashangaza watu: matawi hutanda kama mwavuli wa mita 10 hadi 15, na mara nyingi upana huzidi urefu. Mizizi mikubwa husambaa karibu na uso wa ardhi na kutokeza juu kama mishipa ya mkono, ikivuka hata ukingo wa kivuli. Mbao zake ni laini na huvunjika upepo ukivuma kwa nguvu. Kwa hiyo acha angalau mita 10 kutoka ukuta wa nyumba, mita 8 kutoka karo na mabomba ya maji taka, na mita 5 kutoka njia ya saruji au vigae. Chini ya nyaya za umeme usipande kabisa. Mizizi yake haina desturi ya kutoboa bomba zima, ila penye ufa au kiungio kinachovuja huingia ikafuata maji, ikanenepa humo ndani na kupasua. Kama bustani yako ni ndogo kuliko vipimo hivi, tafuta mti mwingine. Kuupunguza mkrismasi kila mwaka ili utoshe ni kuutesa, na mwisho wake ni kuukata.

Jua unalihitaji la kutwa nzima. Saa 6 ndicho kiwango cha chini. Ukiwa kivulini hurefuka ukilalia upande wenye mwanga na hutoa maua machache.

Kuhusu udongo hauchagui sana. Humea kwenye mchanga, kwenye tifutifu, kwenye kichanga chenye kokoto na hata kwenye ardhi ya chokaa kama ile ya kwao. Usichokiweza ni maji yaliyotuama. Chimba shimo la sentimita 50, lijaze maji, yaache yanywee, kisha lijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yapo baada ya saa 24, hapo mizizi itaoza. Hamia sehemu nyingine, au jenga tuta la kudumu lenye kimo cha sentimita 40 hadi 50 na upana wa mita 2, upande juu yake.

Baridi ya kugandisha huua miche na kuunguza matawi ya mti mkubwa. Mahali penye sakitu ya kila mwaka mti huu hautakupa raha.

Mbegu: kupata nzuri na kuilainisha

Maganda ya mkrismasi ni marefu, hufika sentimita 60, mapana na magumu kama ubao. Hukaa mtini miezi mingi yakigeuka kutoka kijani hadi kahawia iliyokaribia weusi. Chukua yaliyokauka kabisa, yanayolia ukiyatikisa. Yapasue kwa kuyapindua ubavu kwa ubavu au kwa kuingiza bisibisi kwenye mshono. Ndani utakuta mbegu zimelala kila moja kwenye chumba chake, ndefu kama sentimita 2, za kahawia zenye mistari au madoa. Uzito wa mbegu moja ni kama gramu 0.4, yaani kilo moja huwa na mbegu zipatazo 2,500.

Tupa zenye kitobo kidogo cha mviringo, kwa sababu mdudu ameshakula kiini na kutoka. Zilizobaki zitie kwenye maji ya kawaida: zinazozama ni nzima, zinazoelea ni tupu. Ukizihifadhi kavu kwenye chupa yenye mfuniko, mahali pasipo joto kali, hudumu miaka kadhaa bila kupoteza uhai.

Shida ni ganda la mbegu. Limeumbwa kuzuia maji yasiingie hadi jua, moto au kusuguliwa ardhini kulichoshe, na ndiyo maana mbegu iliyozikwa hivihivi inaweza kukaa miezi, hata miaka, bila kuota. Kuna njia mbili zinazofaa nyumbani.

Ya kwanza ni kuikata, nasi tunaipendelea kwa mbegu zisizozidi 50. Shika mbegu kati ya kidole gumba na cha shahada na utafute kovu dogo pale mbegu iliposhikana na lile ganda refu la mtini. Huko ndiko mzizi utakakotokea, usikuguse. Geuza upande wa pili. Kwa kikata kucha, ondoa kijipande cha gome chenye upana wa milimita 1 au 2, au sugua kwa tupa au msasa mpaka rangi ya kahawia iishe na uone weupe. Weupe ukionekana, simama. Ukiendelea unachimba kiini chenyewe, na mbegu hiyo itaoza badala ya kuota. Kisha iloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa 12 hadi 24.

Ya pili ni maji ya moto, na hii huwafaa wenye mbegu nyingi. Chemsha maji kiasi cha mara 10 ya ujazo wa mbegu, epua, subiri kama dakika moja mchemko utulie, kisha yamimine juu ya mbegu. Usiziweke mbegu kwenye sufuria iliyo motoni, kwani zitaiva. Ziache humo maji yapoe yenyewe, zikae hadi kesho yake.

Mbegu iliyokubali huvimba karibu mara mbili, gome hulainika na kuanza kuchubuka, na ukiigusa unasikia ute mzito unaoteleza. Ambayo haikuvimba haijafa. Ikate kidogo au irudie maji ya moto. Zilizovimba zipande siku hiyohiyo, maana zikiachwa kwenye maji siku ya pili na ya tatu huanza kunuka.

Kuotesha kwenye viriba

Tumia viriba virefu, vya kina kisichopungua sentimita 25, vyenye matundu chini na pembeni. Mkrismasi huanza maisha kwa kuteremsha mzizi mkuu, na kiriba kifupi huukunja mapema. Mchanganyiko mzuri ni sehemu 3 za udongo wa juu, sehemu 2 za mchanga mnene na sehemu 1 ya mboji iliyoiva. Samadi mbichi usitie: huunguza mizizi na kuleta ukungu.

Panda mbegu kwa kina cha sentimita 2, ikiwa imelala ubavu. Weka viriba mahali penye joto na kivuli chepesi, umwagilie vizuri mara moja, kisha uongeze maji udongo wa juu unapoanza kukauka tu. Katika joto la nyuzi 25 hadi 30 mbegu zilizolainishwa huota ndani ya siku 5 hadi 12. Utaona shina nene likiinuka limeinama kama shingo ya ndoano, likibeba majani mawili manene ya mbegu, na baadaye majani halisi yanafunguka kama unyoya. Gome la mbegu likibaki limeng'ang'ania kichwani, lilowanishe kwa tone la maji na usubiri. Ukilivuta kwa nguvu unang'oa majani hayo mawili pamoja na chipukizi.

Wiki 3 za mwanzo ndizo hatari. Mche unaoanguka ghafla, shina likiwa limesinyaa na kugeuka jeusi pale linapokutana na udongo, umeshikwa na ugonjwa wa kuoza shina unaoletwa na kuvu wa udongoni. Hauponi. Toa kiriba chake, punguza maji kwenye vilivyobaki na uviachanishe vipate hewa. Karibu kila mara chanzo ni maji mengi na kivuli kizito.

Mche ukiwa na majani halisi 3 au 4, usogeze juani polepole ndani ya wiki moja. Kuanzia hapo inua viriba kila baada ya wiki 2 na ukate mizizi iliyochungulia chini. Mche wa miezi 4 hadi 6, wenye urefu wa sentimita 30 hadi 50, ndio bora wa kupanda. Mche mkubwa wa mita 2 ulionyanyaswa na kiriba kidogo unavutia macho, lakini ndani yake mizizi imeshajizungusha kama kamba ndooni, na haitakunjuka ikifika ardhini. Mche mdogo ulio huru huupita ndani ya miaka michache.

Ukinunua mche, hakikisha si mjakaranda, kwa maana majani ya miche hii miwili hufanana na watu huuziwa mmoja kwa jina la mwingine. Tazama ncha za vijani vidogo: vya mkrismasi ni butu, kama ncha ya kucha, vya mjakaranda vimechongoka, na kile cha mwisho kabisa ni kikubwa kuliko wenzake. Vilevile, pale jani la mkrismasi linaposhikana na shina huwa na vijimanyoya viwili vidogo vilivyogawanyika kama majani ya kangaga.

Wengine hupanda kipande cha tawi ili wapate rangi ileile ya mti mama na maua ya mapema. Hilo huwezekana, na faida yake ni ya kweli, kwa kuwa miti ya mbegu hutofautiana kutoka nyekundu iliyoiva hadi ya machungwa, na ipo aina yenye maua ya njano. Ila tawi halina mzizi mkuu. Kama lengo lako ni mti utakaojitegemea kiangazini, otesha mbegu.

Siku ya kupanda

Panda mvua zinapoanza kukolea, ili mche upate msimu mzima wa kushusha mizizi kabla ya kiangazi. Chimba shimo lenye upana wa sentimita 60 hadi 90 na kina kinacholingana na urefu wa kiriba. Ardhi ikiwa ngumu, tifua chini ya hapo kwa mtaimbo bila kuutoa udongo. Ule mtindo wa kuchimba shimo refu na kulijaza samadi nusu nzima hatuushauri: samadi ikioza hupungua, mti unadidimia, na shingo ya shina inazikwa. Ndoo moja ya mboji iliyochanganywa na udongo wote uliochimbwa inatosha.

Mwagilia kiriba saa chache kabla. Kichane kwa wembe kutoka juu hadi chini, ukivue bila kuuvunja udongo. Mizizi iliyojizungusha chini ikate yote, kama sentimita 2, na ile iliyozunguka pembeni ipasue kwa mikato 3 ya wima. Kuikata kunaonekana ni ukatili, lakini usipoikata itaendelea kuzunguka mpaka ijinyonge, na mti wa miaka 10 utaanguka kwa upepo wa kawaida.

Weka mche kiasi kwamba pale shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi pabaki usawa wa ardhi au sentimita 2 juu yake. Rudisha udongo, ukandamize kwa mikono, si kwa kisigino. Tengeneza bakuli la udongo lenye upana wa mita 1 na ukingo wa sentimita 10, umimine lita 20 za maji polepole. Tandaza matandazo ya majani makavu au vipande vya mbao kwa unene wa sentimita 7 hadi 10, yakae mbali na shina kwa kiganja kizima. Matandazo yaliyogusa shina hulea mchwa na uozo.

Mche usiolala hauhitaji mti wa kuushikilia. Unaolala uwekee vigingi viwili, kimoja kila upande, uufunge kwa kitambaa kilicholegea ili shina liweze kuyumba. Shina hunenepa kwa kuyumba. Toa vigingi ndani ya mwaka mmoja.

Maji

Lengo ni maji mengi kwa siku chache. Maji kidogo ya kila siku hulowanisha sentimita 5 za juu, na mizizi hukaa hapohapo kwa sababu haina haja ya kwenda kwingine. Kisha jua la wiki moja linatosha kukausha safu hiyo yote.

Kama mvua hazitoshi, mwezi wa kwanza mpe mche lita 10 mara mbili kwa wiki. Kuanzia mwezi wa pili hadi wa sita, lita 20 mara moja kwa wiki. Hadi mwisho wa mwaka wa kwanza, lita 20 hadi 30 kila baada ya siku 10 hadi 14. Kiangazi cha pili, lita 40 kila baada ya wiki 3, lakini sasa vunja bakuli la zamani na ulisogeze nje hadi chini ya ncha za matawi, kwa sababu mizizi inayonywa imeshahama kutoka shinani. Udongo wa mchanga gawa kiasi hichohicho mara mbili. Udongo wa mfinyanzi ongeza siku katikati. Kabla ya kumwaga, chomeka kidole au kijiti sentimita 10 ndani. Kikitoka na udongo wenye unyevu, ahirisha.

Kiangazi cha tatu mti wenye afya huachwa. Mahali pakame kupita kiasi, ndoo 4 au 5 mara moja kwa mwezi zinatosha.

Kujua kama una kiu, utazame asubuhi, si mchana. Mkrismasi hukunja vijani vyake kila jioni na kuvifungua kukicha. Hiyo ni tabia yake, haihusiani na maji. Saa 2 asubuhi jua likiwa limeshatoka na vijani bado vimekunjwa au vinaning'inia, hapo una kiu. Maji yakizidi, ishara ni tofauti: majani ya chini yanakuwa ya njano na kudondoka kwa mguso, chipukizi zinalegea wakati udongo umelowa, na ukifukua kidogo unasikia harufu ya uvundo. Acha kumwagilia mara moja, ondoa matandazo, ufungue mfereji wa kutolea maji.

Majani yote kupukutika kiangazini kusikutie hofu. Hivyo ndivyo mti unavyobana matumizi ya maji. Kwangua gome la kijitawi kwa ukucha: rangi ya kijani mbichi chini yake ina maana mti umepumzika tu. Ukiona kahawia kavu, shuka chini zaidi na ukwangue tena hadi ukute kijani, kisha kata juu ya hapo.

Kuujenga mwili wa mti

Hii ndiyo kazi inayosahauliwa, na ndiyo inayoamua kama mti utapasuka ukiwa mkubwa. Ukiachwa wenyewe, mkrismasi hugawanyika mapema, mara nyingi kabla ya kufika mita 1.5, ukawa na mashina mawili au matatu yanayoshindana. Pale yanapokutana kama herufi V, gome la huku na la huku hubanwa katikati, mbao haziungani, na siku ya dhoruba mti hupasuka katikati kama kuni.

Mwaka wa kwanza na wa pili, chagua chipukizi moja iliyonyooka iwe kiongozi. Zinazoshindana nayo zifupishe kwa nusu. Matawi madogo ya chini usiyaondoe yote kwa mpigo, kwa sababu yanalisha na kunenepesha shina. Yafupishe yabaki sentimita 30, kisha uyatoe machache kila mwaka kabla hayajazidi unene wa kidole gumba. Ukifika mwaka wa 4 au wa 5 uwe na shina tupu la mita 2 hadi 2.5. Juu ya hapo acha matawi ya kudumu 4 au 5, yaliyopishana kwa sentimita 45 au zaidi na yanayotazama pande tofauti. Kila tawi liwe na unene usiozidi nusu ya unene wa shina pale linapoungana nalo. Linalozidi hapo, lipunguze urefu ili likue polepole, shina lilipite.

Katika mwaka mmoja usitoe zaidi ya robo ya majani yote. Kwa mti ambao bado haujaanza kuchanua, fanya kazi hii mwisho wa kiangazi kabla haujachipua. Ulioanza kuchanua upogoe mara maua yanapokwisha. Ukipogoa mwishoni mwa kiangazi, unakata matawi yaleyale yaliyokuwa yajiandae kutoa maua.

Tawi zito likate kwa mikato 3. Anza chini ya tawi, sentimita 30 kutoka shinani, hadi theluthi ya unene. Kisha kata kutoka juu, sentimita 5 mbele ya mkato wa kwanza, tawi lianguke bila kuchana gome. Mwisho ondoa kisiki, ukipitisha msumeno nje kidogo ya ule uvimbe wa gome unaozunguka mwanzo wa tawi. Uvimbe huo ndio unaofunga kidonda. Ukiukata usawa na shina, kidonda hakifungi. Ukiacha kisiki kirefu, kinaoza na kuupeleka uozo ndani. Usipake rangi wala lami. Vidonda vyenye upana wa zaidi ya sentimita 8 ni vibaya kwa mti huu, kwani moyo wake huoza haraka, na hiyo ndiyo sababu ya kuujenga ukiwa mdogo.

Mbolea, kwa ufupi

Ndoo moja au mbili za mboji kila mwanzo wa mvua katika miaka 3 ya kwanza. Baadaye majani yake yenyewe yanatosha, ukiyaacha chini. Ingawa ni wa jamii ya mikunde, mizizi yake haitengenezi vile vinundu vya kunasa naitrojeni kama maharage, kwa hiyo usitegemee urutubishe jirani zake. Mbolea ya naitrojeni kama urea usiusogezee, hata ile ya nyasi.

Wadudu na uozo

Viwavi wanaokula majani huweza kuuacha mti mtupu wakati wa mvua. Mti mkubwa huchipua tena bila msaada. Kwenye mche, waokote viwavi kwa mkono, au nyunyizia dawa ya bakteria aina ya Bacillus thuringiensis jioni, viwavi wakiwa bado wadogo. Vidung'ata na wadudu magamba hukaa kwenye vijitawi vilivyodhoofika. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka shinani bila kukoma, tafuta huko juu. Maji ya sabuni ya mche, yaliyopakwa kwa brashi, yanawatosha. Mchwa hushambulia zaidi mche wenye kiu: ondoa matandazo makavu shinani na urudishe ratiba ya maji.

Uyoga mgumu kama rafu ukiota kwenye kitako cha mti au juu ya mizizi, uozo ndani umeshakwenda mbali na hakuna dawa. Kama mti uko karibu na nyumba au njia, muite fundi wa kukata miti auangalie kabla ya msimu wa upepo.

Usipotoa maua

Mkrismasi wa mbegu huchukua miaka 4 hadi 10 kabla ya ua la kwanza, kwa hiyo mti wa miaka 5 usio na maua hauna tatizo lolote. Ukipita hapo, tazama mambo haya. Je, unanyeshewa na mpira wa bustani kiangazi kizima? Mti huu unahitaji kipindi kikavu ili uache kutoa majani na ujiandae kuchanua. Ukinyweshwa mfululizo hubaki na majani mabichi mwaka mzima na maua ya kuhesabu. Je, uko katikati ya nyasi zinazowekewa mbolea? Matokeo ni yaleyale. Je, kuna ukuta au mti mwingine uliokua ukauziba jua? Au ulipogolewa kabla ya msimu? Kwa miti mingi iliyogoma jibu liko kwenye maji, na dawa yake ni kufunga bomba kuanzia mvua zinapokwisha hadi matumba yaonekane.

Maua ya kwanza kwa kawaida huja kwenye tawi moja tu, shada moja au mawili. Likague ua moja kwa karibu: petali 4 nyekundu zilizotanuka kila moja juu ya kijiti chembamba, na ya tano iliyosimama, kubwa kidogo, yenye weupe au umanjano uliotapakaa madoa mekundu. Mwaka unaofuata matawi mengine hufuata.

Chini ya mti mkubwa

Nyasi hazistawi hapo. Kivuli kinazibana na mizizi inazinyang'anya maji. Tandaza matandazo hadi ukingo wa kivuli na uache hivyo. Usirundike udongo kufunika mizizi iliyotokeza, maana inavuta hewa kutoka safu hiyohiyo ya juu, na mti unaweza kudhoofika taratibu kwa miaka 2 au 3 kabla hujajua sababu. Usikate pia mzizi mnene kuliko mkono wa mtoto ulio karibu na shina, kwani huo ndio unaoushikilia usianguke.

Petali zilizodondoka njiani huteleza zikilowa, zifagie kila siku wakati wa msimu. Maganda makavu yaangue kabla ya upepo mkali ikiwa watu hupita chini, na uyaokote yaliyoanguka: sehemu nyingine, kama kaskazini mwa Australia, mti huu umetoroka bustanini ukawa magugu. Ukiwa karibu na mto au msitu, usiache hata ganda moja lipasuke chini.